Shajara ya mradi: spesa za chupa, madhara ya dawa za pumu na kufundisha upya pumzi, Ngamiani, Tanga

Shajara hii inaandikwa na watu wanne: muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa fiziotherapia na fundi baiskeli. Kazi inafanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa kuazima Ngamiani, Tanga mjini, pamoja na watu wazima 18 ambao pumu yao ilishathibitishwa na daktari. Shabaha ni mbili: kupunguza madhara ya dawa zinazotumiwa miaka nenda miaka rudi (kazi ya spesa, chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo, ni hiyo), na kufundisha upya namna ya kupumua. Hakuna aliyeondolewa dawa hapa wala kupunguziwa. Palipohitaji mabadiliko, mtu aliandikiwa barua akarudi nayo kwa daktari wake. Anayetaka kuiga aanze na sharti hilo.

11 Januari 2025. Dawa zote mkekani

Kila mshiriki aliambiwa aje na dawa zote alizonazo nyumbani, hata zilizosahaulika kabatini. Vikapuni vilitoka vidonge vya salbutamoli vya miligramu 4, aminofilini ya miligramu 100, prednisoloni ya miligramu 5 kwenye bahasha za kaki zisizo na jina wala tarehe, pampu za bluu (salbutamoli, ya kutuliza) zilizotumika hadi kukauka, na pampu chache za kahawia (beklometasoni, ya kuzuia), nyingi karibu mpya na baadhi zimeshapita muda. Ya kutuliza inaisha, ya kuzuia inaoza.

Sababu ilikuwa moja karibu kwa wote: "Hiyo ya kahawia ina steroidi, inavimbisha uso." Na waliosema hivyo ndio hao hao wenye bahasha za prednisoloni, ambayo nayo ni steroidi. Badala ya kubishana tulipiga hesabu ubaoni. Mtu mzima aliyebanwa kwa kawaida huandikiwa vidonge 8 vya prednisoloni kwa siku, kwa siku 5. Mkupuo huo ni miligramu 200, na yote inazunguka na damu mwili mzima. Beklometasoni ya pampu kwa dozi ndogo, mikrogramu 200 kwa siku, hufika miligramu 73 kwa mwaka. Nguvu za dawa hizi mbili hazilingani miligramu kwa miligramu, kwa hiyo hesabu hii si mizani ya dukani, lakini ilitosha kugeuza mazungumzo. Mikupuo 5 ya vidonge ni gramu nzima, na miongozo ya kimataifa ya pumu iitwayo GINA inaonya kuwa hata mikupuo 4 au 5 katika maisha yote inaambatana na hatari kubwa zaidi ya kisukari, mtoto wa jicho, moyo kushindwa kazi na mifupa kudhoofika. Anayeikimbia pampu ya kahawia kwa kuogopa steroidi anaishia kuzila kwa kijiko.

Hesabu ya pili ni ya salbutamoli. Mpulizo mmoja ni mikrogramu 100, kidonge kimoja cha miligramu 4 ni mikrogramu 4,000, yaani sawa na mipulizo 40. Ndiyo maana anayemeza vidonge hutetemeka mikono akimimina kahawa, na moyo humwenda mbio usiku.

Aminofilini ilitutia wasiwasi kuliko zote. Kiwango kinachoponya na kinachodhuru vimekaribiana mno, na antibayotiki kama siprofloksasini au erithromaisini hukipandisha kwenye damu. Mtu anakwenda duka la dawa kwa ajili ya tumbo, anarudi na siprofloksasini, siku ya tatu anatapika na moyo unakimbia, anadhani ni tumbo bado. Kwenye kadi ya mshiriki anayeitumia tuliandika kwa herufi kubwa: NATUMIA AMINOFILINI, na mtu anaionyesha kabla ya kununua antibayotiki yoyote.

Mengine yaliyoandikwa kwenye kadi: aliyekunywa prednisoloni mfululizo zaidi ya wiki 3 asiikate ghafla, kwa sababu tezi za juu ya figo zimelala na hazitaamka siku hiyo hiyo. Anayetumia montelukasti, kidonge kingine cha pumu, akianza kuota ndoto mbaya, kuwa na hasira au kukata tamaa, arudi kwa daktari upesi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliitilia dawa hiyo onyo lake zito kabisa mwaka 2020.

Kosa letu la siku hii: tuliuliza dawa nyingine zote mbele za watu. Ritonaviri, inayotumika katika baadhi ya mchanganyiko wa dawa za VVU, huzuia mwili kuvunja flutikasoni na budesonidi, steroidi nyingine za pampu, hata dozi ya pampu ikajilimbikiza kama ya vidonge. Ni swali la lazima, lakini nani atalijibu ukumbini? Wiki iliyofuata mfamasia aliketi kwenye kona ya baraza na kuongea na mtu mmoja mmoja.

Gharama: fotokopi za kadi 3,600, kahawa na maji 9,000.

25 Januari. Spesa, mkupuo wa kwanza: 12 zilitengenezwa, 7 zilivuja

Bila spesa, sehemu kubwa ya dawa hugonga koo na kubaki hapo. Ile ya kahawia ikibaki hapo huleta utandu mweupe ulimini na sauti ya kukwaruza. Ya bluu humezwa ikaongeza kutetemeka. Chupa ya maji ya nusu lita inaweza kazi hii. Utafiti wa Heather Zar na wenzake Afrika Kusini, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1999, uliona kwamba kwa watoto wenye pumu chupa iliyozibwa vizuri ilifungua njia ya hewa sawa na spesa ya dukani. Chupa isiyozibwa ilikuwa ya katikati, na kikombe cha polistireni kikawa cha mwisho. Neno lenye uzito hapo ni "iliyozibwa".

Utaratibu: pasha waya moto, toboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa pampu, chomeka pampu, ziba kwa gundi. Mtu anavuta kupitia mdomo wa chupa. Kuchoma plastiki kufanyike nje, mahali ambapo upepo unapeleka moshi mbali na watu, na mwenye pumu asiwepo karibu.

Yaliyoharibika ni haya. Mbili za kwanza zilikatwa kwa kisu, zikapasuka pembeni. Waya wa kufungia nondo ulilegea motoni ukapoteza umbo, tundu likawa kama yai. Baadaye fundi alitumia spoki ya baiskeli: ngumu, haipindi, na kwenye gereji za Ngamiani hupatikana bure. Alichonga kijiti chenye umbo kamili la mdomo wa pampu, akaikunja spoki kukizunguka. Kijiti hicho hicho sasa ni kipimo cha uvujaji: kikazie tunduni, jaza chupa maji, subiri dakika moja, tazama kama linatoka tone.

Zilizobaki ziliharibiwa na subira. Tulitoboa, tukaiacha chupa ipoe, ndipo tukachomeka pampu. Plastiki ikishapoa hujikunja ukingo mgumu na kuacha mwanya. Pampu iingie papo hapo, plastiki ikiwa laini, ishikwe sekunde 15 bila kutikiswa. Hapo plastiki yenyewe huikumbatia.

Gundi: supagluu iligeuka nyeupe na kupasuka baada ya siku chache. Silikoni ya mafundi wa madirisha ya alumini ndiyo iliyodumu, ila inatoa harufu kama siki inapokauka, na harufu hiyo inakereketa kifua. Tunaanika siku 3 barazani, na chupa haitolewi hadi harufu iishe kabisa.

Gharama: silikoni tyubu moja 9,000, mkaa 1,000, waya wa nondo 2,000 (hasara).

15 Februari. Chupa safi kupita kiasi

Spesa hazivuji tena, lakini baadhi ya washiriki walisema dawa "haifiki". Ukiitazama chupa kwenye mwanga baada ya mpulizo mmoja, ukungu ulitoweka mara moja na ukuta wa ndani ukabaki na vumbi jeupe. Chupa hizo zilikuwa zimeoshwa na kufutwa kwa kitambaa hadi zikang'aa. Tuliisogeza moja juu ya kijungu chenye majivu ya udi. Majivu yakaruka yakaganda kwenye plastiki. Ni umeme tuli: kufuta kunaiamsha chupa, nayo inaivuta dawa kabla ya pafu.

Dawa yake ni uvivu. Osha kwa maji na tone la sabuni ya maji ya vyombo, usisuuze ndani, usifute, ipindue ijikaushe usiku kucha. Suuza mdomo wa chupa peke yake, pale midomo inapogusa. Mara moja kwa wiki inatosha.

Namna ya kuvuta: tikisa pampu, toa pumzi taratibu, bonyeza mara moja, vuta polepole hadi mwisho, zuia sekunde 10. Asiyeweza kuzuia apumue kawaida mara 5 au 6 ndani ya chupa. Mpulizo wa pili ungoje nusu dakika na pampu itikiswe tena. Kubonyeza mara mbili kwa pamoja kunapoteza dawa, kwani chembe hugongana na kuanguka.

22 Februari. Kabla ya Ramadhani

Wengi huacha pampu zote mwezi mzima. Kama pampu inafunguza au la, masheikh wana kauli tofauti, na sisi si wa kutoa fatwa. Tulichofanya ni kupanga saa. Ya kahawia ni mara mbili kwa siku, ikawekwa daku na baada ya futari. Ya bluu ni ya dharura, na aliyebanwa mchana avute, mengine atamuuliza sheikh wake.

Katika kupanga huko tulipata kitu cha kudumu hata baada ya mwezi. Dawa ya kahawia inataka mtu asukutue na kutema baada ya kuvuta, na kila mtu husahau. Tukaiweka kabla ya udhu wa alfajiri na wa isha. Kusukutua mara tatu kumo ndani ya udhu tayari. Kwa Wakristo kikundini tuliiweka kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na usiku, matokeo ni hayo hayo.

12 Aprili. Pumzi, darasa la kwanza

Kwanza mipaka. Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza uitwao BREATHE, wa watu wazima 655 wenye pumu, ulionyesha kuwa kufundishwa pumzi kunaboresha maisha ya kila siku, na video yenye kijitabu ilifanya kazi sawa na mwalimu wa ana kwa ana. Nguvu ya mapafu haikubadilika. Kwa maneno mengine, mazoezi hayazimi moto ulio ndani ya njia za hewa. Ya kahawia ndiyo inayozima. Mazoezi yanaondoa kule kuhema zaidi ya mahitaji, ambako humfanya mtu aikimbilie ya bluu hata pasipo sababu.

Zoezi: keti, mkono mmoja kifuani, mmoja juu ya kitovu, mdomo umefungwa. Pumzi iingie puani kwa hesabu ya 2, itoke puani kwa hesabu ya 3, tulia hesabu ya 1. Mzunguko ni sekunde 6, yaani pumzi 10 kwa dakika. Dakika 10 asubuhi kabla ya kula na dakika 10 kabla ya kulala. Mkono wa kifuani usisogee.

26 Aprili. Neno "vuta" limetuharibia darasa

Washiriki sita walipata kizunguzungu na ganzi vidoleni ndani ya dakika tatu. Tulitazama upya tulichokuwa tunasema: "Vuta pumzi... toa." Mswahili akiambiwa avute, anavuta, kama kamba ya ndoo kisimani. Mabega yalipanda, vifua vikajaa. Kuvuta kwingi kunafukuza kaboni dayoksaidi kupita kiasi, mishipa ya kichwani inajikaza, ndipo kizunguzungu, na damu inapungua asidi, ndipo ganzi.

Sasa hatusemi "vuta" katika zoezi hili. Tunasema "iache iingie" na "iache iende". Tofauti ilionekana mabegani siku hiyo hiyo. Neno "vuta" limebaki kwa pampu peke yake.

Kosa la pili ni tumbo la bandia: watu wanasukuma tumbo mbele kwa misuli huku pumzi ikibaki kifuani. Suluhisho ni kulala chali mkekani na pakiti ya chumvi ya nusu kilo juu ya kitovu. Ipande na kushuka kama mashua iliyotia nanga. Ikirukaruka, unasukuma.

Kosa la tatu ni kuhesabu haraka. Saa ya ukutani iliwatia watu haraka zaidi. Bibi mmoja alitoa tasbihi yake bila kuulizwa, punje moja kwa kila pumzi. Punje 99 kwa pumzi 10 kila dakika ni dakika 10 kasoro kidogo, zoezi zima limekwisha bila saa. Wengine wanatumia kete za bao.

Kuna pia mtindo wa kusitisha pumzi, ulioenezwa na daktari Konstantin Buteyko aliyeanza kazi yake Urusi miaka ya 1950. Baada ya kutoa pumzi ya kawaida, mtu anabana pua na kuhesabu hadi hamu ya kwanza ya kupumua, kisha anaachia. Tuliuonja, vijana wakaugeuza mashindano, mmoja akafika 45 na kuhema kama aliyeibuka kutoka baharini pale Raskazone. Kipimo sahihi ni pumzi inayofuata: isipokuwa tulivu kama ya kabla, umezidisha. Tumewazuia kabisa wajawazito, wenye kifafa na wenye ugonjwa wa moyo, na kwa wengine ni mara 3 tu mwisho wa zoezi.

3 Mei. Kanuni iliyochelewa kuandikwa

Mshiriki mmoja alibanwa usiku, akafanya zoezi karibu nusu saa kabla ya kugusa pampu. Alipona, lakini kosa ni letu: hatukulisema wazi siku ya kwanza. Kanuni iliyobandikwa sasa kwenye kila spesa kwa plasta nyeupe ni PAMPU KWANZA. Kifua kikibana au kikipiga filimbi: mipulizo 4 hadi 10 ya bluu, mmoja mmoja kupitia spesa, na unaweza kurudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza huku safari ya hospitali inaandaliwa. Asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, au aliyebadilika rangi midomo, asingoje dakika 20, bajaji iitwe.

Ukitaka kuiga mradi huu na una nafasi ya kubandika karatasi moja tu, bandika hiyo.

17 Mei. Pua na hojaji

Huwezi kumwambia mtu apumue puani wakati pua imeziba. Watano walishindwa kwa sababu hiyo peke yake. Maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, chumvi laini robo tatu ya kijiko cha chai. Mmoja alitumia maji ya bahari, yakamchoma hadi machozi. Chumvi yake ni karibu mara nne ya inayotakiwa, achilia mbali uchafu. Nyumbani, udi na dawa ya mbu ya kuchoma vimehamishiwa barazani. Kuviondoa kabisa kulikataliwa, hasa udi, tukakubali.

Hojaji ya Nijmegen ina maswali 16, kila moja pointi 0 hadi 4. Ikizidi 23 kuna dalili ya kuhema kupita kiasi. Tafsiri yetu ya kwanza iliwapa karibu wote alama za juu, na tulishaanza kufurahi. Kumbe "moyo kwenda mbio" ilijibiwa na wameza vidonge vya salbutamoli, na "kifua kubana" ni pumu yenyewe. Sasa juu ya karatasi kuna mistari miwili: dawa gani imetumika leo, saa ngapi. Aliyekunywa vidonge asubuhi, alama zake zinasomwa kando.

14 Juni. Kipima pumzi, msimu wa kusi

Kipima pumzi kimoja, kifaa cha kupuliza kinachoonyesha kwa namba kasi ya pumzi, kwa 45,000, na mirija ya karatasi ya kubadilisha 6,000. Mtu asimame, apulize mara 3, iandikwe kubwa. Namba za ajabu zilitoka kwa waliopuliza kama wanatema mbegu ya ubuyu: ulimi unaziba kisha unaachia, mshale unaruka. Ulimi ukae chini ya mrija, midomo iubane.

Kama ilivyotarajiwa, namba za waliofanya mazoezi hazikupanda. Kilichoshuka ni mara za kuchukua ya bluu kwa wale wenye alama za juu za Nijmegen. Wawili ambao namba zao za asubuhi zilikuwa chini sana kuliko za jioni walipelekwa kwa daktari bila kungoja, kwani tofauti ya namna hiyo ni ya pumu isiyodhibitiwa, na hakuna tasbihi itakayoifuta.

19 Julai. Kopo, sauti na yaliyobaki

Watu wengi bado wanapima kopo kwa kuelea majini. Halipimi kitu, na maji huweza kuziba tundu lake. Kopo lina mipulizo 200. Kwa ya kahawia mipulizo 4 kwa siku ni siku 50: tarehe ya kuanza na ya kwisha zinaandikwa kwa kalamu isiyofutika siku linapofunguliwa. Kwa ya bluu, anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka anarudi kwa daktari, kwa sababu hatari ya kubanwa vibaya inaanzia hapo.

Utandu wa ulimini umekwisha kwa wote waliokuwa nao, mmoja baada ya kupewa nistatini, dawa ya fangasi. Sauti ni jambo jingine. Mshiriki mmoja ni muadhini, na spesa pamoja na kusukutua havikumrudishia sauti yake. Inaeleweka: kukwaruza huko hutokana kwa sehemu na dawa kuilegeza misuli ya koo la sauti, na kiasi fulani hupita hapo hata kwa spesa. Tumeisogeza dozi yake ya asubuhi hadi baada ya adhana ya alfajiri, kabla ya mswaki, na daktari wake ameandikiwa barua kuuliza kama dozi inaweza kushuka, kwa kuwa hajabanwa tangu Aprili. Jibu halijaja.

Spesa za Februari zimeanza kuchakaa penye kiungo. Fundi ana spoki 20 na tyubu mpya ya silikoni, tunahitaji chupa ngumu za nusu lita. Hizi nyembamba zinazobonyea mkononi msituletee.